Nilimwita mwizi wa chakula

Nilimtuhumu mtoto wa marehemu dada yangu kwamba anaiba chakula. Nilimtuhumu mbele ya wanangu, tukiwa tunakula, na ushahidi niliokuwa nao ulikuwa mwili wake tu.

Nilimchukua dada alipofariki, akiwa bado mdogo. Alikula chungu kimoja na wanangu: maandazi asubuhi, ugali na mchicha, wali na maharage. Alipovunja ungo akaanza kunenepa, wanangu wakabaki wembamba. Msichana wa umri ule huongezeka mwili, hilo nilijua, lakini yeye aliendelea kunenepa. Nikajiuliza: kama chakula ni kilekile, cha ziada anakitoa wapi? Nikatia kufuli kabati la jikoni. Nikampunguzia wali, nikamnyima chapati ya pili ambayo wenzake waliipata. Nikampigia simu shangazi yake kumshitaki. "Wifi," akaniambia, "umesahau mimi nilivyo? Huo mwili ni wetu." Nikaona anamtetea tu.

Kumbe swali langu lilishajibiwa kabla binti huyu hajazaliwa. Mwaka 1986 Albert Stunkard na wenzake walichapisha uchunguzi wa watu wazima 540 wa Denmark, wote waliolelewa na wazazi wasiowazaa. Unene wao ulifuatana na wa wazazi waliowazaa. Kwa walezi waliowalisha tangu utotoni, hawakuona uhusiano wowote. Shangazi mtu alinieleza jambo hilohilo kwa sentensi moja, nami sikumsikiliza.

Kilichoniumiza zaidi ni kujua jeni zinazorithisha unene huo hufanya kazi wapi. Nyingi hufanya kazi kwenye ubongo, ambako njaa na shibe hupangwa. Leptini, homoni iliyogunduliwa mwaka 1994, hutoka kwenye mafuta ya mwili na kuujulisha ubongo kwamba akiba ipo. Mwaka 2007 ikatambuliwa jeni inayoitwa FTO: watu wazima waliorithi nakala mbili za aina yake inayoongeza uzito, moja kwa kila mzazi, walizidi wenzao kwa wastani wa kilo 3 hivi, na tofauti ilianza kuonekana tangu utotoni. Kilo 3 si nyingi, lakini jeni za namna hiyo ni nyingi, kila moja inaongeza kidogo. Basi watoto wawili wanaweza kupakuliwa sawasawa, mmoja akashiba, mwenzake akainuka na njaa. Mimi yule mwenye njaa ndiye niliyempunguzia.

Sisemi chakula hakina neno. Soda na chipsi hunenepesha, na aliyerithi mwili wa namna hiyo huathirika zaidi. Ningeweza kuacha kununua soda kwa ajili ya wote, na ingewafaa wote. Nilichofanya ni kuwaachia wembamba wanywe, yeye akitazama.

Nilimwomba radhi tukiwa wawili chumbani. Alinisikiliza, kisha akasema, "Lakini mama mdogo, uliniita mwizi mbele ya wenzangu." Ilikuwa haki yake kusema hivyo. Jioni, kila mtu akiwa na sahani yake, niliwaambia wanangu kwamba dada yao hakuwahi kuiba hata andazi, na kwamba mimi ndiye niliyemsingizia. Kisha nikampigia simu shangazi yake, nikamwambia maneno hayohayo, binti akisikia.