Lita na Kilo

Watu wengi hudhani ya kuwa lita moja na kilo moja ni kitu kimoja. Kwa maji, dhana hiyo haina kosa kubwa. Wafaransa walipoweka vipimo vyao vipya mwaka 1795, waliufanya uzito wa maji kuwa msingi wa gramu. Kwa sababu hiyo lita moja ya maji huwa na uzito wa kilo moja, au karibu sana. Lakini mafuta si maji. Kila mtu ajua ya kuwa mafuta huelea juu ya maji, maana ni mepesi kuliko maji yenye ujazo ule ule.

Jambo hili laonekana dogo, lakini nimeona jinsi kutolijua kulivyokaribia kuvunja udugu. Katika kijiji kimoja cha pwani nilikofundisha, palikuwa na mama mjane aliyepata riziki yake kwa mafuta ya nazi. Alikuna nazi, akakamua tui, akalichemsha hata mafuta yakajitenga, kisha akayapima kwa chupa ya lita. Siku moja alijaza dumu la lita 20, akampa mtoto wa kaka yake alipeleke mjini kwa baiskeli. Mnunuzi alinunua kwa mizani, akaandika katika hati: kilo 18 na gramu 400. Mama alipoisoma hati hiyo, aliona pamepungua kilo moja na gramu 600. Akamwambia kijana, "Umeyauza njiani." Kijana akaapa, "Shangazi, halikumwagika hata tone." Hakusadikiwa. Majirani wakaanza kumwita mwizi, na kwa siku tatu hakula nyumbani kwa shangazi yake.

Nilimwomba mama aje shuleni na chupa yake, nikaazima mizani dukani. Mbele ya darasa tulipima kwanza chupa tupu. Tukaijaza maji, tukaondoa uzito wa chupa. Ikabaki kilo moja. Tukaikausha, tukaijaza mafuta yake mwenyewe, tukaondoa tena uzito wa chupa; zikabaki gramu 920. Nikaandika ubaoni: 920 mara 20. Jibu lilikuwa 18,400, yaani kilo 18 na gramu 400. Mama alinyamaza kitambo, kisha akainuka, akamshika kijana mkono, akasema, "Nisamehe, mwanangu."

Basi shikeni kanuni hii. Ukitaka kugeuza lita kuwa kilo, zidisha hesabu ya lita kwa uzito wa lita moja. Ukitaka kugeuza kilo kuwa lita, gawanya kwa uzito huo huo. Lita moja ya mafuta ya nazi au ya ufuta ni karibu gramu 920. Ya mafuta ya taa karibu gramu 800. Asali huyapita maji, maana lita yake moja hufika karibu gramu 1,400. Tena mafuta yakipata joto hupanuka, nayo chupa huonekana kujaa zaidi, lakini uzito haubadiliki.

Mwenye kununua kwa kilo na kuuza kwa lita kwa bei ile ile hapati hasara: hulipia kilo 18 na gramu 400, akalipwa lita 20. Muuzaji asiyeijua hesabu hii hawezi kuona faida hiyo ilikotoka.

Sasa jaribuni wenyewe: mnunuzi amepima mafuta ya nazi, akapata kilo 46. Je, yalikuwa lita ngapi?