Kazi ya Mshenga

Mshenga akishamaliza kazi yake, huwekwa wapi? Kwa desturi zetu yeye ndiye aendaye na kurudi, apokeaye maneno makali upande huu na kuyafikisha upande wa pili yakiwa yamelainika. Siku ya harusi hula pilau kama wageni wengine, na tangu hapo wakwe huzungumza wenyewe.

Nilimkumbuka mshenga niliposoma habari za treni za Marekani zilizokuwa zikibeba matrela ya barabarani. Reli na malori walikuwa mahasimu. Lori hufika mpaka mlangoni mwa duka. Treni huvuta shehena kubwa kwa mafuta machache, lakini haiwezi kuiacha njia yake. Mwaka 1936 shirika la reli la Chicago Great Western likaanza kupakia matrela juu ya mabehewa tambarare. Ujuzi wenyewe haukuwa mpya, kwani vikundi vya sarakasi vya karne ya 19 vilisafirisha magari yao vivyo hivyo. Dereva alipanda mteremko kinyumenyume, akavuka behewa baada ya behewa mpaka trela likafika mahali pake.

Mwaka 1955 mashirika ya Pennsylvania na Norfolk and Western yalishiriki kuunda kampuni ya Trailer Train, ili mabehewa hayo yatumiwe kwa ushirika. Mwaka 1968 shirika la Santa Fe likaanzisha treni ya Super C, iliyotoka Chicago hadi Los Angeles kwa saa 40 hivi. Ndoa ilionekana imekamilika.

Lakini trela juu ya reli husafiri na magurudumu yake, nayo huko hayana kazi ila kuongeza uzito. Wala huwezi kulibebesha trela jingine mgongoni. Tayari mwaka 1956 Malcom McLean alikuwa amepeleka meli ya Ideal X kutoka Newark hadi Houston ikiwa na makontena 58. Kontena halina magurudumu, na hukubali kupandwa na mwenzake. Super C ilifutwa mwaka 1976. Mwaka 1984 kampuni ya American President Lines ikaanza safari za kawaida za treni zenye makontena mawili-mawili, moja juu ya jingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 makontena yakayapita matrela kwa wingi. Matrela hayajatoweka kwenye reli, ila sasa ni sehemu ndogo tu.

Habari hii ilinigusa kwa sababu ya jambo la nyumbani. Kaka zangu wawili hawakusemezana miaka sita kwa ajili ya nyumba ya marehemu baba. Mimi, mdogo wao, ndiye niliyebeba maneno yao. Kila mwisho wa mwezi nilipanda basi, nikalala kwa huyu usiku mmoja na kwa yule usiku wa pili. Kisha siku moja jirani akaniambia kwamba nyumba imekwisha gawanywa, na kaka zangu wanaipaka chokaa pamoja. Hakuna aliyeniarifu. Nilimshukuru Mungu, lakini nikakosa usingizi. Nilipomlalamikia mama, aliniuliza, "Mwanangu, ulitaka wapatane, au ulitaka wakuhitaji?"

Sikuwa na jibu siku ile. Leo ninalo kidogo. Treni za matrela ndizo zilizowazoesha wafanyabiashara kwamba mzigo unaweza kutoka barabarani ukaingia relini bila kufunguliwa wala kupakuliwa. Kontena lilipofika, lilikuta mazoea hayo yamekwisha tengenezwa. Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiona watu uliowapatanisha wanapita wakicheka bila kukuita, usihesabu kwamba umetupwa. Huenda hiyo ndiyo dalili kwamba ulichokibeba kimefika.