Springi, Madigadi na Gauni Jeupe



Wapendwa wanaparokia, na ninyi nyote mnaosoma tafakari hii ya kila juma,

Baadhi yenu mmeniuliza kwa nini gari la parokia limeonekana kwa fundi mara tatu ndani ya mwaka mmoja. Wengine, kwa adabu ya watu wa Tanga wasiopenda kumwaibisha mtu, mmeuliza kwa kuzungukazunguka. Juma hili naona ni vema nijibu waziwazi, kwa maana gari ni la parokia, fedha ni zenu, na kosa lilikuwa langu.

Gari lenyewe mnalifahamu. Ni Toyota Land Cruiser, ile ndefu yenye benchi mbili zinazotazamana nyuma, ambayo vijana huiita Mkonga kwa sababu ya lile bomba la hewa lililopanda kando ya kioo cha mbele kama mkonga wa tembo. Toyota ilianza kutoa ukoo huu wa magari, unaoitwa 70, mwaka 1984, na hadi leo umbo lake halijabadilika sana. Injini yake ya dizeli ya lita 4.2 haina makuu, na fundi wa wilayani anaielewa. Mbele lina springi za koili. Nyuma lina springi za pata, yaani vile vyuma bapa vilivyolazwa kimoja juu ya kingine na kukazwa kwenye ekseli kwa yubolti.

Baada ya miaka mingi ya kubeba saruji, mahindi ya mavuno, spika za kwaya na wanakwaya wenyewe, pata za nyuma zilikuwa zimelala. Gari likakaa kama mbwa aliyekalia mkia wake. Shokapu zilivuja mafuta, na bushi za mpira zilikuwa zimelika kabisa. Halmashauri ya Walei ikaidhinisha fedha za springi na shokapu mpya. Mpaka hapo hapakuwa na kosa lolote.

Kosa lilianza nilipopewa uhuru wa kuchagua. Nilikuwa nimekwisha kuyaona magari ya safari za mbugani yaliyoinuliwa, yenye matairi mapana na kifua mbele, nami nikatamani. Nikaagiza springi ngumu kabisa, zilizokusudiwa mizigo mizito, zenye kuinua gari kwa inchi mbili, sawa na sentimita tano hivi. Rafiki yangu mmoja wa tangu seminari ndogo, ambaye sasa ni mfanyabiashara, akanizawadia rimu na matairi manne mapana. Yale membamba ya awali nikayauza bila kuuliza mtu. Rimu zake tu ndizo zilizobaki stoo.

Fundi wetu ni mzee Mwislamu mwenye gereji yake Ngamiani, mjini Tanga. Nilipompelekea vifaa nilimwamkia, “Shikamoo, mzee.” Akaitikia, “Marahaba, Padri,” kisha akavigeuza vile vyuma mikononi na kuniuliza, “Gari hili siku nyingi hubeba nini?” Nikamjibu kwamba hubeba kila kitu. Akanitazama kidogo, akasema, “Haya,” akaanza kazi. Leo naelewa kwamba lile lilikuwa swali la pekee lililostahili kujibiwa siku ile, nami nililipita kama mtu anayepita kibao cha njia.

Gari lilipotoka lilikuwa limesimama kwa fahari. Jumapili iliyofuata vijana walilizunguka baada ya Misa wakilipiga picha. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nami nilisifiwa sana.

Wiki chache baadaye, usiku, katekista wa kigango kimoja cha juu, njia ya kutoka Muheza kupanda Amani, alinipigia simu. Bibi mmoja alikuwa ameanguka na kuumia nyonga. Tulimlaza nyuma juu ya godoro, mjukuu wake akamshika kichwa, tukaanza kuteremka. Sasa, springi iliyoundwa kwa ajili ya mzigo mkubwa huhitaji mzigo huo ili ipinde. Gari likiwa karibu tupu, haipindi. Kila jiwe la njiani hupita moja kwa moja kutoka kwenye tairi hadi kwenye sakafu, na kutoka sakafuni hadi kwenye mifupa ya aliyelala. Nilipunguza mwendo hadi kama wa mtu atembeaye kwa miguu, lakini haikusaidia sana. Bibi hakulia. Tulipofika hospitalini na kumshusha, alinishika mkono akasema, “Ahsante, mwanangu. Lakini mlima wote nimeushuka kwa mgongo.”

Hilo lilinichoma, ila halikunitosha. Nilijiambia kwamba springi ni mpya na zitalegea.

Kisha yakaja masika. Nilikuwa naenda kuadhimisha Komunyo ya Kwanza katika kigango kilekile. Udongo mwekundu wa miteremko ile ukilowa huwa kama sabuni, nami nilikuwa nahangaika na usukani, kwa sababu tairi pana huelea juu ya utelezi ule pale ambapo tairi jembamba lingeukata na kugusa ardhi ngumu. Nilipita watu waliokuwa wakitembea kandokando ya njia na nguo zao za sikukuu. Niliwapungia mkono. Nilipoingia kanisani, nikamwona binti mmoja katika mstari wa mbele, gauni lake jeupe limelowa upande mmoja kuanzia bega hadi pindo, na doa jekundu lililokataa kutoka. Mama yake alikuwa amelifua kijitoni kadiri alivyoweza. Gauni lenyewe lilikuwa la kuazima. Baada ya Misa nilimuuliza katekista kulikoni. Alisita, akatazama chini, akasema, “Baba, ni gari letu.”

Alisema “letu.” Angeweza kusema “lako.”

Juma hilohilo nilirudi Ngamiani, na safari hii nilikaa kwenye kigoda na kusikiliza. Mzee akanionyesha kwa kidole jinsi matairi yalivyotokeza nje ya madigadi, karibu upana wa kiganja. Tairi linapozunguka, akasema, hunyanyua tope na kokoto na kuvirusha. Madigadi ndiyo yanayovizuia. Ukilitoa tairi nje yake, umekuwa mtu anayepita sokoni akitupa mawe. Leo ni tope kwenye gauni; kesho ni kokoto kwenye jicho la mtoto. Tena rimu zinazotokeza huzitesa bearingi za magurudumu, na gari lililoinuliwa hupepesuka zaidi kwenye kona, hubadili pembe ya propela, huvuta paipu za breki, na taa zake huwapiga machoni wanaokuja mbele. Kila jambo linadai jambo lingine. “Ulitaka kimo, Padri,” akasema, “hukutaka hesabu yake.”

Tukaifanya hesabu. Tuliondoa springi zile za mizigo mizito, tukaweka za uzito wa kati, zinazolingana na watu wanane na mizigo yao, pamoja na shokapu zinazopatana nazo. Gari likashuka kidogo. Matairi membamba hayakuwepo tena, kwa hiyo juu ya magurudumu yote manne tulifunga mbawa za plastiki ngumu zinazoyapanua madigadi, hadi tairi lote likawa limefunikwa. Kwa kuwa ilibidi kutoboa bodi, kila tundu lilipakwa rangi ya kuzuia kutu kabla ya skrubu kuingia, maana hewa ya pwani yetu ina chumvi na haisamehi chuma kilicho wazi. Nyuma ya mbawa hizo tope hujificha na kutunza unyevu. Ndiyo maana siku hizi mnaniona nikizipulizia maji kila nirudipo kutoka milimani. Matairi haya mapana yakiisha, tutarudia membamba juu ya rimu zetu za zamani. Gharama ya marudio haya haikutoka katika mfuko wa parokia.

Nilipokuwa nikisubiri pale gereji nilikikumbuka kisa tulichosimuliwa seminarini. Mwaka 1925 mmisionari Mjerumani, Padri Otto Fuhrmann, alifariki huko kusini magharibi mwa Afrika, katika nchi ambayo leo ni Namibia, akiwa mbali na matibabu na bila chombo cha kumfikisha upesi. Rafiki yake, Padri Paul Schulte, aliyekuwa rubani, hakuweza kuisahau habari hiyo. Mwaka 1927 akaanzisha MIVA, shirika la kuwapatia wamisionari vyombo vya usafiri. Magari, pikipiki, mitumbwi na hata ndege zimenunuliwa kwa sababu ya mgonjwa mmoja aliyechelewa kufikishwa. Chanzo cha gari la misioni, basi, ni mtu aliyelala nyuma. Mimi nilikuwa nimeliunda gari letu kwa kumfikiria aliyekaa mbele.

Wapendwa, sina nia ya kugeuza kila skrubu kuwa mahubiri. Nasema tu nilichojifunza kwa gharama. Springi ni kwa ajili ya aliyebebwa. Madigadi ni kwa ajili ya asiyebebwa, yule anayetembea kwa miguu kando ya njia tukimpita. Dereva hahitaji sana kimojawapo. Yeye ana usukani wa kushikilia. Nadhani ndivyo ilivyo pia kwa yeyote aliyepewa kuongoza wengine, awe paroko, mwenyekiti wa jumuiya, mwalimu au baba wa familia. Mara nyingi tunajipima kwa jinsi tunavyoonekana tukiwa tumesimama, wala si kwa hali ya waliomo ndani au walioko pembeni tukiwa katika mwendo.

Kwa mama wa binti yule niliomba msamaha nyumbani kwake, na gauni la watu limelipwa. Yeye alinikaribisha chai, akacheka, akasema mtoto wake hataisahau kamwe Komunyo yake ya Kwanza. Bibi wa nyonga anatembea kwa mkongojo, na mwezi uliopita nilimchukua tena kwenda kliniki. Tulipofika lami nilimuuliza hali ya mgongo. Alikuwa amelala usingizi.

Mkilikuta gari letu njiani na likawarushia tope, msikae kimya kwa adabu. Niambieni.

Nawatakia juma jema lenye baraka.

Paroko wenu