Nara, Mji wa Wanafunzi na Kulungu

Anayetaka kuona Wajapani wanavyowarithisha watoto mila zao, aache kwanza maghorofa ya Tokyo aende Nara. Kutoka Kyoto kwa treni ni mwendo usiofika saa moja. Ikiwa ni Mei au Oktoba, atawakuta wanafunzi wamejaa tele, kijitabu cha safari mkononi, wakimfuata mwalimu aliyeinua kibendera juu. Safari ya shule kama hii ni desturi ya nchi nzima. Wengi huifanya wakikaribia kumaliza shule ya msingi, kisha tena wakiwa sekondari.

Nara ulifanywa mji mkuu mwaka 710, kabla ya Kyoto. Katika hekalu la Todai-ji ameketi Buddha wa shaba mwenye kimo cha mita 15 hivi, aliyezinduliwa mwaka 752. Jumba lake liliteketea kwa vita mara mbili, 1180 na 1567. Lililopo leo lilikamilika 1709, nalo ni dogo kuliko lile la kwanza. Hata hivyo limo kati ya majengo makubwa kabisa ya mbao duniani.

Nyuma ya sanamu ipo nguzo nene yenye tundu chini kabisa. Husemwa kwamba tundu hilo lina ukubwa sawa na la pua ya Buddha, na anayelipenya hupata baraka. Hapo ndipo penye foleni. Mtoto hujilaza ubavu, akatanguliza mikono. Mwenzake wa mbele humvuta, wa nyuma humsukuma miguu, mpaka anachomoka nywele timtim na shati limetoka nje, darasa zima likishangilia. Sijui somo la historia linaloingia mwilini zaidi kuliko hilo.

Nje wanangoja kulungu, zaidi ya elfu moja, wakizurura watakavyo. Hawadhuriwi kwa sababu masimulizi yanasema mungu wa Kasuga Taisha, hekalu la Kishinto lililo karibu, alifika Nara amempanda kulungu mweupe. Watoto hununua biskuti nyembamba za pumba za mchele, huinamisha vichwa, na kulungu nao huinamisha vyao kuomba. Ukichelewa kutoa, atakuvuta nguo. Njia ya kwenda Kasuga imepangwa kandili za mawe, nyingi zimeota kuvumwani, kila moja ikiwa sadaka ya mtu aliyeomba jambo.

Jioni, katika nyumba za wageni za kienyeji, wanafunzi huvua viatu mlangoni, huoga pamoja, hutandika wenyewe magodoro yao juu ya mikeka ya tatami. Hawaoni ugeni, maana shuleni kwao kila siku ndivyo walivyo: hubadili viatu wakiingia, hupakuliana chakula cha mchana kwa zamu wakiwa wamevaa aproni nyeupe, kisha hufagia na kudeki madarasa yao. Ninachokipenda Nara ni hicho. Mila haikufungiwa katika kabati la kioo. Imewekwa mahali ambapo mtoto ataifikia kwa mikono yake.

Basi ukijaliwa kufika Japani na wanao, wapeleke Nara mapema asubuhi, foleni ya nguzo ikiwa bado fupi, na uwaache wapite.