Tununue Mashine ya Mazoezi?

Juma hili tumekuwa tukipiga hesabu. Tangu daktari atuonye kuhusu mgongo na shinikizo la damu, tumetamani kununua mashine ya kebo, ile yenye vyuma vya uzito na kamba ya waya ipitayo kwenye kapi, tuiweke katika chumba cha wageni.

Uzuri wake hatuupingi. Mtu huchagua uzito kwa pini moja, na hata akiishiwa nguvu, chuma hakimwangukii kifuani. Ila namba zake zahitaji uangalifu: katika baadhi ya mashine hizo kapi hugawa mzigo, hata kilo 100 za vyuma zikavutwa kama kilo 50.

Lakini fedha tulizo nazo ni zawadi ya waamini, walipotupongeza kwa miaka 15 ya upadre. Baadhi yao nyumba zao zinavuja. Tena tulikumbuka baiskeli ya mazoezi tuliyoinunua miaka 6 iliyopita. Leo tunaanikia taulo juu yake.

Shirika la Afya Duniani linawashauri watu wazima kuimarisha misuli angalau siku 2 kwa juma, wala halidai mashine. Basi tumenunua mikanda ya mpira ya kuvuta, tukajipa miezi 3. Tukidumu, tutaizungumzia mashine bila aibu. Tusipodumu, tutakuwa tumejua kwamba kilichopungua kwetu si vyuma.

Tuombeane uvumilivu. Tuonane juma lijalo.