Ukipanda basi la usiku, salimia jirani kabla ya Kangemi

Najua vile sisi vijana wa Nairobi tunasafiri. Unaingia kwa basi, unatafuta siti ya dirisha, unavaa hedifoni, unavuta kofia ya jaketi hadi puani na unajifanya hauko. Mtoto akitapika siti ya nyuma, si wako. Watu wakigombana juu ya mizigo, si shughuli yako. Utaamka ushago.

Mimi nasema hiyo tabia ni hatari. Na sisemi kwa sababu ya adabu, hiyo ulifundishwa kwenu. Nasema kwa sababu saa tisa usiku, katikati ya barabara, msaada ulio karibu zaidi ni yule mtu mmegusana mabega. Polisi wako kwa kizuizi, si ndani ya gari. Mwenye basi amelala kwake. Sheria iko kwa karatasi. Ndani ya gari mko nyinyi tu, na kama hamjuani, kila mtu yuko peke yake.

Wacha niwaambie nilijifunza wapi.

Desemba iliyopita mimi na beshte yangu tulikuwa tunaenda Bungoma. Nitamwita Kasuku, maana hivyo ndivyo tunamwita chuoni. Si Kasuku wa mafuta wala wa daftari, ni Kasuku wa kuongea. Huyu ni msichana anaweza kuongea na mlinzi wa geti, na askari wa kanjo, na mtu amepiga namba isiyo yake. Mimi humwambia atapatikana siku moja akipigia stori mlingoti wa stima.

Nauli ambayo Agosti tulilipa 1,300 ilikuwa imefika 2,500. Ukiuliza kwa nini unaambiwa "ni Disemba," kama vile Desemba ina tangi yake ya mafuta. Tukalipa. Tiketi ilisema tunatoka saa mbili usiku. Saa mbili ikafika, basi hakuna. Saa tatu, hakuna. Makanga akawa anasema "iko hapo tu," bila kusema hapo ni wapi. Steji ilikuwa imejaa hadi barabarani: magodoro, tangi la maji la plastiki, magunia ya mkate, televisheni imefungwa kwa blanketi kama mtoto mchanga. Kama hujawahi kusafiri Desemba, jua hili: kuku hutoka ushago kuja Nairobi. Kinachoenda ushago ni mkate, sukari na magodoro.

Basi liliingia saa tano na nusu. Ndipo vita vikaanza, kwa sababu siti namba 14 ilikuwa na wenyewe watatu na wote wana tiketi. Mimi nilikuwa tayari nimechomeka hedifoni. Kasuku akazichomoa, akasema, "Shikilia huyu mtoto."

Mtoto alikuwa wa mama mmoja mzima, mjukuu wake, na yule mama alikuwa mmoja wa wenyewe wa siti 14. Kasuku akaketi kama chifu barazani. Mama akae dirishani. Kaka mwenye televisheni akae katikati, televisheni iende chini ya miguu yetu. Yule wa tatu, kijana wa mjengo, achukue kreti ya soda tuliyopewa na makanga, wapokezane na kaka wa televisheni wakifika Nakuru. Hakuna aliyefurahi kabisa lakini hakuna aliyepigwa. Tulipofika Kangemi nilikuwa najua kwamba mama anashukia Webuye, kwamba kaka wa televisheni ni fundi wa mabomba na anaenda Turbo, na kwamba kijana wa mjengo hajaona mtoto wake tangu azaliwe. Kasuku alikuwa tayari anamwita yule mama "kukhu," na kukhu ametupatia njugu.

Hapo Kangemi basi lilisimama likaongeza watu sita wasio na tiketi. Wakajazwa kwa njia ya katikati. Spika ikafunguliwa, na kuanzia hapo tukasikiliza rumba ile ile mara kumi na moja. Nilihesabu.

Saa nane usiku tulisimama Naivasha kwenda choo, bob 20. Kasuku akanunua chai na mayai boilo, akajikuta amesimama karibu na dereva. Na kwa sababu yeye ni Kasuku, akaanza: "Dere, leo umetoka wapi?"

"Bungoma."

"Leo?"

"Nilitoka saa nne asubuhi. Nimeingia Nairobi usiku, nikashukisha, nikapakia nyinyi."

"Na dere wa pili?"

Akacheka tu. Akaongeza majani ya muguka mdomoni.

Kumbe hiyo ndiyo "iko hapo tu." Basi letu lilichelewa kwa sababu lilikuwa bado njiani likija, na huyo huyo aliyelileta ndiye anayelirudisha. Na hesabu yake si ngumu kuelewa. Desemba gari linaenda magharibi likiwa limejaa hadi milangoni, kisha linarudi Nairobi karibu tupu. Kila safari ya kwenda ni pesa, kila saa ya kulala ni hasara.

Sasa, sheria ya trafiki ya Kenya inasema dereva wa gari la abiria asiendeshe zaidi ya saa 8 ndani ya saa 24. Na tangu sheria za Michuki za 2004, gari la abiria halifai kupita kilomita 80 kwa saa na linafaa kuwa na kidhibiti mwendo. Hizi si siri. Lakini jaribu kumsomea dereva sheria hizo saa nane usiku uone.

Tulipofika karibu na Gilgil, foleni. Magari yamejipanga laini tatu kwa barabara ya laini mbili, kila mtu mjanja, hakuna anayesonga. Tulikaa hapo zaidi ya saa moja. Ilipofunguka, dere akaamua kulipiza. Akaanza kupita malori, moja, mawili, matatu kwa mpigo, akirudi laini yake wakati taa za mbele ziko karibu kutuingia. Mara mbili gari lilielea polepole hadi pembeni kabisa, tukasikia changarawe chini, kisha likarudishwa kwa kishindo. Mtu anayeendesha kwa hasira harudishi gari hivyo. Hivyo ndivyo mtu anavyoamka.

Kasuku akasimama. "Dere! Punguza mwendo. Umechoka, simama ulale."

Makanga akageuka: "Madam, ukitaka polepole ungepanda punda."

Watu wakacheka. Nikasimama na mimi, nikasema ni ukweli, huyu mtu ameendesha tangu asubuhi. Makanga akasema, "Ehe, mbogi yake imeongea." Watu wakacheka tena. Jamaa mmoja huko nyuma akapaaza sauti: "Nyinyi watoto kaeni chini, sisi tunataka kufika!"

Niliona kitu hapo ambacho sijasahau. Sauti mbili za vijana wanaojuana ni sauti moja. Kwa hao watu sisi tulikuwa wanafunzi wawili wanaojifanya wasomi. Tungesimama hapo hadi Webuye.

Kisha kukhu akaongea. Hakusimama hata. Alisema kwa sauti ya kawaida, ile ya kuitisha chumvi: "Makanga. Mimi nimelipa elfu mbili mia tano nifike. Sikulipa nikufe. Ambia dereva asimame."

Hakuna aliyecheka. Kaka wa televisheni akasema, "Mama amesema." Kijana wa mjengo akagonga chuma cha juu na ngumi, mara tatu. Halafu wale sita wa Kangemi, ambao walikuwa wamesimama na kuona barabara kuliko sisi wote, wakaanza: "Dere, simama! Dere, simama!" Hadi yule jamaa wa nyuma alinyamaza. Tulipokaribia Nakuru basi likaingia kwa kituo cha mafuta, likazimwa. Rumba nayo ikazima. Ilikuwa saa kumi na dakika kidogo.

Dereva akalala kwa siti zake za mbele hadi saa kumi na mbili. Sisi tukakaa kwa baridi tukigawana mkate wa mtu. Na ndiyo, kuna watu walilalamika. Kuna mtu alikuwa anawahi mazishi, na sina jibu zuri la kumpa mtu wa mazishi. Tulifika Bungoma saa saba mchana, tukiwa na vumbi, na Timboroa ilikuwa imetugandisha hadi meno.

Lakini fikiria mbele ya Nakuru kuna nini. Kuna Salgaa, kuna Sachangwan, kuna Migaa, kisha Mau Summit. Majina haya sisi watu wa magharibi tunayajua kama majina ya marehemu. Sachangwan ni pale lori la mafuta liliwaka Januari 2009 na watu zaidi ya 100 wakafa. Migaa ni pale basi na lori ziligongana alfajiri ya tarehe 31 Desemba 2017, watu 36 wakafa, na serikali ikapiga marufuku safari za usiku za magari ya abiria. Marufuku hiyo ikaja ikaondolewa, kwa sababu watu lazima wasafiri. Sisemi sisi tungekufa. Sijui. Nasema tulipita hapo mchana, na mtu aliyelala kidogo akiwa kwa usukani.

Kabla hatujaondoka pale kituoni, dereva alikuja kwa dirisha letu. Nilidhani anakuja kututusi. Akamwambia Kasuku, "Asante siste. Mimi siwezi kusema nimechoka. Nikisema, kesho mtu mwingine ako hapa." Halafu akaenda kunawa uso.

Hiyo sentensi imenikalia. Kwa sababu tunapenda kusema madereva ni wazimu, na kuna walio wazimu kweli. Lakini huyu alikuwa anahitaji watu sitini wamwambie alale, ndiyo apate cha kumwambia mwenye gari: abiria walikataa. Yeye peke yake hana hiyo nguvu. Sisi tukiwa pamoja tunayo, na tunaiacha ilale ndani ya hedifoni.

Nimewahi kuona watu wakisema eti Wakenya ni waoga, hawaongei kwa matatu. Si uoga peke yake. Nani atamtetea mtu hajui hata jina lake wala anakoenda? Kukhu hakuongea kwa sababu Kasuku alitoa hotuba nzuri. Aliongea kwa sababu tangu saa tano huyo msichana alikuwa amemtafutia siti, na mjukuu wake alikuwa amelala kwa mapaja yangu. Kazi ilifanyika kabla ya Kangemi. Karibu na Nakuru tulivuna tu.

Kwa hivyo hii Desemba, ukiwa unapanda kwenda kwenu, fanya haya. Ukikata tiketi, uliza mambo mawili: hii gari inatoka wapi sasa hivi, na kuna dereva wa pili? Uliza kwa sauti, ili wengine kwa foleni wasikie wajiulize pia. Funga mkanda, hata kama unafungwa na kamba na imani. Weka chaji, na ujue 999 na 112 hazihitaji uwe na pesa kwa simu.

Halafu kabla hujavaa hedifoni, geuka kulia na kushoto. Sema jina lako, uliza mtu anashukia wapi. Msaidie kuinua gunia. Tafuta mzee au mama mzima karibu nawe umjue vizuri, maana usiku huo sauti yake itabeba kuliko yako na digrii yako. Shika mtoto wa mtu dakika kumi. Kama safari itakuwa nzuri, utakuwa umepoteza nyimbo tatu na kupata njugu. Na kama itageuka kuwa mbaya, ukisimama kusema "dere, punguza," kutakuwa na mtu wa kusema "mtoto huyu anasema ukweli" kabla kicheko hakijaanza.

Na kama wewe si wa kuongea na watu, nakuelewa, mimi pia si wa hivyo. Safiri na Kasuku wako.