Fedha Zilipoanza Kutoka Mwanza

Kwetu Muleba, mkoani Kagera, hadi mwishoni mwa miaka ya 1980, uwezo wa kaya ulionekana kibanjani. Migomba ilitulisha, mibuni iliyokuwa katikati yake ilitulipia ada, mafuta ya taa na matibabu. Aliyebanwa na shida kabla ya msimu aliuza kwa butura: mnunuzi analipa kahawa ingali maua mtini, kwa bei anayoitaka yeye. Mwaka mmoja baba aliuza hivyo mibuni ambayo mama ndiye aliyeipalilia. Mama hakuulizwa. Aliendelea kupalilia kahawa isiyokuwa yake tena.

Mwaka 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa ukishikilia bei ya kahawa ulivunjika, na bei ikaporomoka. Ukimwi nao, uliogunduliwa mkoani kwetu tangu 1983, ulikuwa umeshazijaza kaya nyingi yatima. Baba akapanda meli kwenda Mwanza, akapata kibarua kwenye kiwanda cha minofu ya sangara.

Tangu hapo fedha zikawa zinakuja kwa bahasha, mkononi mwa abiria tunayemfahamu. Hazikuja kwa mama. Zilikwenda kwa baba mkubwa, aliyefungua bahasha mbele ya wazee na kusoma barua kwa sauti, kisha akatoa kwanza michango ya misiba ya ukoo. Mama alisubiri jikoni apewe kilichobaki. Baba mkubwa alikuwa mwaminifu, nasema hivyo kwa moyo wote. Hata hivyo mama, aliyejua chumvi imebaki kiasi gani na mtoto gani anakohoa, hakuwa na sauti juu ya shilingi hata moja. Meli ya MV Bukoba ilipozama Mei 1996 na kuua mamia ya watu, hofu ya ziwa ilitushika, lakini utaratibu wa bahasha haukubadilika.

Ulibadilishwa na simu. M-Pesa ilianza nchini mwaka 2008, na wakala alipofungua kibanda karibu na gulio letu, mimi nilikuwa nafanya kazi Dar es Salaam. Nikamnunulia mama simu, nikamtumia fedha kwa namba yake. Aliifunga kwenye pindo la kanga, na kila ujumbe ulipoingia alimwita mjukuu amsomee taratibu, tarakimu moja moja. Kahawa haikuuzwa tena kwa butura. Mama aliianika, akaiweka ndani, akangoja bei. Mnyauko ulipoingia kwenye migomba akalazimika kung'oa mashina, alinunua unga kwa fedha zetu na kibanja kikapumzika.

Watafiti walianza kufuatilia kaya za Kagera mwaka 1991. Walipowatafuta tena watu wale wale mwaka 2004, waligundua kuwa ukuaji wa matumizi ya waliohama uliwazidi ndugu zao waliobaki kwa takriban pointi 36 za asilimia. Utafiti mwingine wa kaya hizo hizo ulionyesha kuwa wahamiaji huwakinga wa nyumbani wanapopatwa na shida, lakini wao hawakingwi, na kinga hiyo huwagharimu kati ya asilimia 3 na 5 tu ya ongezeko la matumizi yao.

Naziamini takwimu hizo, maana nimeziishi. Lakini siwezi kukubali kwamba msaada ni wa upande mmoja. Dada yangu alibaki. Ndiye anayemwogesha mama magoti yanapovimba, anayempeleka zahanati na kulinda mpaka wa kibanja ambacho sisi wa mjini tunategemea kuzikwa humo. Kazi hiyo ingelipiwa, asilimia 5 zetu zisingekaribia gharama yake.

Mama ndiye aliyeliona hilo kabla yetu. Alinipigia simu akasema, "Mwanangu, ya dada yako mtumie mwenyewe, isipitie kwangu." Sasa kila mwisho wa mwezi natuma mara mbili, na dada hamwelezi mtu yeyote matumizi ya fedha zake.